Kazi ya Watoto katika Kalasi ya Tatu

Mapadri wengi, na waseminari pia, wanafikiri kwamba kalasi ya tatu ya primere ni jambo la walimu tu. Kalasi ya kwanza wanaijua, kwa sababu wazazi wanakuja kuandikisha watoto wao. Kalasi ya sita wanaijua, kwa sababu huko kuna mtihani wa taifa, na siku ya matokeo kijiji kizima kinashangilia. Lakini kalasi ya tatu iko katikati, na watu hawaitazami. Hata hivyo ni hapo watoto wengi wanapopotea. Hawapotei kwa kelele. Wanakaa nyuma, wanaitikia pamoja na wenzao, wanaandika yaliyo ubaoni, na mwisho wa mwaka hawawezi kusoma ukurasa mmoja na kueleza maana yake. Mwaka unaofuata wanarudia kalasi, au wanaacha masomo.

Katika kurasa hizi tunataka kueleza mambo matatu. Kwanza, kalasi ya tatu inamdai mtoto nini. Pili, ni kazi gani zinazofanyika humo, na ni namna gani zinaweza kumfikisha mtoto kwenye kuelewa. Tatu, kwa sababu gani jambo hili linatuhusu sisi mapadri, waseminari na makatekista, hasa kwa ajili ya katekisimu.

I. MAHALI PA KALASI YA TATU

Katika inchi yetu ya Kongo masomo ya primere ni ya miaka sita. Miaka hiyo imegawanywa katika madaraja matatu ya miaka miwili miwili: daraja la mwanzo, daraja la katikati, na daraja la mwisho. Mtoto aliyeanza akiwa na miaka 6 anaingia kalasi ya tatu akiwa na miaka 8, naye anaingia daraja la katikati. Lugha yetu inatumia neno moja, daraja, kwa cheo na kwa njia ya kuvukia mto. Maana zote mbili zinafaa hapa, kwa maana mtoto wa kalasi ya tatu anapaswa kuvuka mara tatu.

Mvuko wa kwanza ni wa kusoma. Katika kalasi ya kwanza na ya pili mtoto anajifunza kusoma: anajua herufi, anaziunganisha, anatamka neno. Kutoka kalasi ya tatu anapaswa kusoma ili ajifunze mambo mengine: habari za mimea, za inchi, za afya, za Mungu. Yule ambaye bado anapigana na herufi hana nguvu iliyobaki kwa kushika maana.

Mvuko wa pili ni wa lugha. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya mafundisho ya taifa inasema Kifaransa ni lugha ya kufundishia. Tena inataka lugha za taifa, au lugha za mahali, zitumiwe katika kufundisha na zifundishwe zenyewe. Kwa desturi, katika miaka miwili ya kwanza mwalimu anafundisha kwa Kiswahili, au kwa lugha nyingine ya taifa, na Kifaransa kinasemwa kidogo. Kisha Kifaransa kinachukua nafasi kubwa: katika shule fulani polepole, katika nyingine kwa ghafula, kama mtu aliyesukumwa ndani ya maji.

Mvuko wa tatu ni wa hesabu. Mtoto anaacha kuhesabu vidole, anavuka mia na kuelekea elfu, anaanza kuzidisha na kugawanya.

Mivuko mitatu kwa mwaka mmoja, kwa mtoto wa miaka 8, ni kazi nzito. Tuongeze kwamba tangu mwezi wa Septemba 2019 Serikali imeanza kutimiza neno la Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 43, lisemalo kwamba masomo ya primere katika shule za Serikali ni ya bure. Watoto wengi ambao zamani walifukuzwa kwa sababu ya franka wameingia. Hilo ni jambo jema mbele ya Mungu na mbele ya watu. Lakini kalasi nyingi zimejaa. Na katika majimbo ya Mashariki, ambako vita vimekimbiza jamaa nyingi, mtoto wa miaka 8 anakaa pamoja na mwenzake wa miaka 12 aliyepoteza miaka njiani.

II. JUU YA LUGHA

Tusiseme tu kwamba Kifaransa ni kigumu. Tuone ugumu uko wapi, ili tujue namna ya kusaidia.

Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa. Mtoto aliyejua «ma», «ka», «ti» anaweza kusoma «makati», hata neno lisipokuwa na maana. Kifaransa hakifanyi hivyo. Mtoto anakuta neno «oiseau», maana yake ndege. Kwa haki yote aliyofundishwa anasoma «o-i-se-a-u». Lakini neno lile linatamkwa karibu kama neno letu «wazo»! Anakuta «maison», anasoma «ma-i-so-ni», wanamcheka. Anakuta «eau», herufi tatu kwa sauti moja tu, «o». Anakuta «chat», na herufi «ch», ambazo katika Kiswahili zinaanza neno «chakula», hapa zinatoa sauti ya «sha», na «t» haisikiki kabisa. Mtoto huyu si mjinga. Anatumia kanuni nzuri ya lugha nyingine. Mwalimu mwenye busara anamwambia wazi: «Katika Kiswahili tunasoma hivi, katika Kifaransa herufi hizi mbili zinashirikiana kutoa sauti moja.» Tena anaandika ukutani sauti moja moja, pamoja na picha yake, na watoto wanaziona kila siku.

Ugumu mwingine ni wa wingi. Katika Kiswahili wingi unaonekana mwanzoni mwa neno: kitabu, vitabu. Katika Kifaransa unaandikwa mwishoni: «livre», «livres», na hiyo «s» ya mwisho sikio halisikii. Sikio linasikia tu kwamba «le» limegeuka «les». Basi mtoto wa Kiswahili, ambaye lugha yake haina «le» wala «la», hajazoea kusikiliza mahali pale. Mazoezi ya kinywa yamfundishe: mwalimu anainua kitabu kimoja, kisha vitatu, na watoto wanasema.

Tusisahau neno lingine. Kiswahili cha kitabu chenyewe si kile cha nyumbani. Mtoto wetu anasema kwa mama yake «bitabu yangu», na katika kitabu anasoma «vitabu vyangu». Na mtoto wa kijiji pengine anasema nyumbani Kitabwa, Kibembe, Mashi, Kilega au Kiluba. Kwake Kiswahili cha shule ni mvuko wa kwanza, na Kifaransa ni mvuko wa pili. Anayemcheka kwa ajili ya «bitabu» anamfunga kinywa, na mtoto aliyefungwa kinywa hatajifunza lugha yoyote.

III. KAZI ZA KALASI

1. Kusoma

Hapa kuna mtego ambao tunataka kila msomaji auone kwa macho yake. Tusome sentensi hii: «Mtingiri alidovya visunge.» Sasa tujibu: Mtingiri alidovya nini? Kila mmoja wetu anajibu upesi: visunge. Jibu ni sawa, na mwalimu ataandika alama nzuri. Lakini hakuna kati yetu anayejua mtingiri ni nini, wala kudovya, wala visunge, kwa sababu maneno hayo hayana maana, tumeyatunga. Hivyo ndivyo mtoto anavyoweza kujibu maswali yote juu ya ukurasa wa Kifaransa, akichukua neno lililo karibu na neno la swali, bila kuelewa lolote.

Namna ya kuepuka mtego huu si ngumu. Tuchukue ukurasa wa Kifaransa juu ya mvuvi. Kabla ya kufungua kitabu, mwalimu anazungumza na watoto kwa Kiswahili: nani amekwisha kuona watu wakivua ndakala usiku? Wanawasha taa kwa sababu gani? Kisha anawapa maneno manne au matano mapya ya Kifaransa, akionyesha kitu chenyewe au picha: wavu, mtumbwi, taa, samaki. Ndipo anasoma yeye mwenyewe kwa sauti. Kisha watoto wanasoma kimya. Kisha wawili wawili, mmoja akisoma na mwenzake akifuata kwa kidole. Mwisho vitabu vinafungwa, na mwalimu anauliza swali ambalo jibu lake halikuandikwa: kwa nini mvuvi alirudi na huzuni? Mtoto ajibu kwa Kiswahili kama Kifaransa hakijatosha. Aliyeelewa ataonekana mara moja.

2. Kuandika

Kunakili ubao kunatengeneza mkono. Hakutoshi kutengeneza akili. Katika kalasi ya tatu mtoto aanze kuandika neno lake mwenyewe, hata sentensi tatu tu. Kwanza amwambie jirani yake kwa kinywa: «Jana nilikwenda kuteka maji. Ndoo ilipasuka. Mama alikasirika.» Kisha aandike. Kisha mwalimu na watoto wote pamoja watafute namna ya kusema sentensi moja kwa Kifaransa. Wakati wa kusahihisha, mwalimu asijaze daftari lote wino mwekundu. Achague jambo moja la juma lile, kwa mfano herufi kubwa na nukta, asahihishe hilo. Mtoto anayeona makosa ishirini hajui aanze wapi. Anayeona mawili anayatengeneza.

3. Hesabu

Kwa hesabu vitu havihitaji franka. Vijiti kumi vinafungwa kwa kamba: ndiyo kumi moja. Mafungu kumi yanafungwa pamoja: ndiyo mia. Mtoto aliyeshika mafungu hayo kwa mikono ataelewa kwa nini 304 inaandikwa na sifuri katikati: kuna mia tatu, hakuna fungu la kumi lililo peke yake, kuna vijiti vinne. Asiyeshika ataandika 3004, kwa sababu anasikia «mia tatu, na nne», naye anaandika kama anavyosikia.

Kwa kuzidisha tunatumia vifuniko vya chupa. Watoto wanapanga mistari 6 ya vifuniko 7. Wanahesabu: 42. Kisha wanazunguka upande mwingine wa meza: sasa ni mistari 7 ya vifuniko 6, na hakuna kifuniko kilichoongezwa wala kuondolewa. Anayejua kwamba mara tano ya saba ni 35 anaongeza saba moja, anafika 42. Baada ya hayo yote ndipo wanakariri. Ndiyo, wakariri, na kwa bidii! Maana mtoto asiyejua orodha ya kuzidisha kwa moyo atachoka katika kila hesabu. Lakini kukariri kufuate kuelewa, kusikutangulie.

Tena hesabu itoke sokoni. Fungu moja la nyanya ni franka 200, mtoto ametumwa na franka 1 000, amenunua mafungu 3, arudishiwe ngapi? Watoto wengi wanaojibu vibaya ubaoni wanajibu vema sokoni, kwa sababu huko mama anangoja zile franka 400.

Wala tusifikiri kwamba ugonjwa wa kujibu bila kuelewa ni wa Afrika peke yake. Karibu na mwaka 1980, katika mji wa Grenoble huko Ufaransa, walimu wanaochunguza mafundisho ya hesabu waliwapa watoto 97 wa mwaka wa pili na wa tatu hesabu ya mzaha: katika mashua kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Watoto 76 walitoa umri wa nahodha, wakitumia hesabu zile zilizotajwa. Watoto hao walikuwa na vitabu, na madirisha ya kioo, na kalasi zisizojaa kama zetu. Lakini walikuwa wamezoea kwamba swali la shule linajibiwa upesi, wala halifikiriwi.

4. Kutazama viumbe na mahali

Makopo mawili, udongo, na mbegu za maharagi zinatosha kwa juma tatu za masomo. Kopo moja linawekwa kwenye mwanga, jingine ndani ya sanduku lililofungwa. Yote mawili yanapewa maji sawasawa. Kila asubuhi mtoto mmoja anapima kwa kijiti na kuandika tarehe. Mche wa gizani unarefuka, lakini ni mwembamba na rangi yake ni ya manjano. Ule wa mwangani ni mfupi, wenye nguvu, na majani yake ni ya kijani. Kabla ya kuangalia, mwalimu awaulize watoto wanafikiri nini kitatokea. Wengine watakosea, na hapo ndipo wanapojifunza.

Kwa jiografia tusianze na Ulaya wala na Kinshasa. Tuanze na uwanja wa shule. Watoto wanapima kwa hatua, wanachora katika udongo: hapa kalasi, hapa mwembe, hapa kisima. Kisha wanachora njia ya kutoka shule mpaka nyumbani. Kwa kujua pande nne za dunia, mtoto asimame asubuhi akitazama jua linakopanda: mkono wa kushoto ni Kaskazini, mkono wa kulia ni Kusini. Kwetu kando ya Tanganyika jua linapanda juu ya ziwa. Mtoto wa hapa hatasahau tena Mashariki iko wapi. Baada ya hayo, karata ya inchi ukutani haitakuwa tena picha ya rangi rangi tu.

5. Wimbo, kuchora, na kazi ya mikono

Watu fulani wanasema kwamba haya ni mchezo. Lakini wimbo wa Kifaransa unafundisha sauti ambazo kinywa hakizijui. Kuchora kunaonyesha kama mtoto amesikia hadithi vema. Kupanga mistari ya mboga katika bustani ni kuzidisha kwenye udongo. Basi saa hizo zisiliwe na kazi za kumfagilia mwalimu nyumba yake, wala kumtekea maji.

IV. KALASI IKIJAA

Hapa walimu watatujibu: «Mapadri, maneno yenu ni mazuri, lakini mimi nina watoto 60.» Wana haki kusema hivyo. Basi tuhesabu pamoja. Kama somo la kusoma ni nusu saa, na kila mtoto asome peke yake dakika moja mbele ya mwalimu, watoto 30 watasoma na 30 hawatafungua kinywa. Tena kila aliyesoma atakuwa amesoma dakika moja na kungoja ishirini na tisa. Lakini wakisoma wawili wawili kwa dakika kumi, wakipokezana, kila mtoto katika 60 atakuwa amesoma dakika tano. Kutakuwa na sauti nyingi. Si kelele mbaya, ni sauti ya kazi. Mwalimu anapita katikati yao na kusikiliza kumi leo, kumi kesho. Kwa siku sita za shule amewasikia wote.

Vilevile kwa vifuniko vya chupa: vikundi kumi vya watoto sita sita, kila kikundi na kopo lake. Katika kila kikundi mmoja anagawanya, mmoja anaandika, mmoja anaeleza; juma lifuatalo wanabadilishana. Wasichana nao waeleze, wasiachwe kufagia na kugawanya tu. Mwenye miaka 12 aliyechelewa asiwekwe nyuma kwa haya. Amsaidie mdogo katika lile analolijua, naye atapata moyo wa kujifunza lile asilolijua.

V. NAMNA GANI INATUHUSU

Masomo ya inchi hii na Kanisa ni marafiki wa zamani. Katika mapatano ya tarehe 26 Mei 1906, kati ya Kiti Kitakatifu na Dola Huru la Kongo, misioni zilipokea kazi ya kufungua shule. Mwaka 1974 Serikali ya Zaire ilizichukua shule za Makanisa. Lakini kwa mkataba wa tarehe 26 Februari 1977 iliyarudishia Makanisa kazi ya kuziongoza, yenyewe ikishika programu na mishahara. Basi jina la Kanisa Katoliki likiwa mlangoni mwa shule, hatuwezi kusema kwamba yaliyo ndani ya mlango hayatuhusu.

Lakini kuna sababu iliyo karibu zaidi. Kwa amri yake *Quam singulari* ya tarehe 8 Agosti 1910, Papa Pio wa Kumi aliwafungulia watoto wadogo Meza ya Bwana, karibu na umri wa miaka 7. Hakudai mtoto ajue katekisimu yote kwa moyo. Alitaka aelewe kadiri ya akili yake, ajue kutofautisha Mkate wa Ekaristi na mkate wa kila siku. Leo, katika paroasi zetu nyingi, wale wanaojiandaa kwa Komunyo ya kwanza ni hawa hawa wa kalasi ya tatu na ya nne. Mtoto yule aliyezoea asubuhi kujibu «visunge» bila kuelewa, anakuja kwa katekista saa za mchana na kujibu «sakramenti» na «neema» kwa namna ile ile. Anajibu upesi, neno kwa neno, na sisi tunafurahi. Je, tumempa imani, au tumempa sauti tu?

Katika Kitabu cha Matendo ya Mitume, Filipo anamkuta mtu wa Etiopia akisoma nabii Isaya ndani ya gari lake. Hamsifu kwa kusoma vizuri. Swali lake la kwanza ni kama anaelewa yale anayosoma. Na yule mkubwa wa malkia hakuona haya kukiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza. Swali la Filipo ndilo la kalasi ya tatu, na ndilo la katekisimu. Mtakatifu Augustino naye, karibu na mwaka 400, alimwandikia shemasi mmoja wa Kartago, jina lake Deogratias, kitabu kizima juu ya namna ya kuwafundisha wanaoanza, kwa sababu shemasi yule alilalamika kwamba maneno yake mwenyewe yanamchosha. Mkubwa yule wa elimu hakufikiri kwamba kuwafundisha wanaoanza ni kazi ya wadogo tu.

Basi yale tuliyoyasema juu ya kusoma, katekista ayafanye pia. Akiisha kusimulia mfano wa kondoo aliyepotea, mtoto ausimulie tena kwa maneno yake, katika lugha ya nyumbani, hata kama kondoo atageuka mbuzi. Kwa ubatizo, awapeleke kwenye kisima cha ubatizo, waone maji, mshumaa na mafuta, na awaulize maji yanafanya kazi gani katika maisha yetu, kabla ya kuwaambia yanafanya nini katika sakramenti. Kisha wakariri jibu la katekisimu. Jibu hilo litakaa vizuri, maana limekuta nafasi iliyokwisha kutayarishwa.

VI. MANENO MAWILI YA KUJIBU

Wazazi fulani wanasema: «Kiswahili mtoto anakijua nyumbani. Tumemleta hapa kwa Kifaransa tu.» Tuwaheshimu, kwa maana wanajua kwamba bila Kifaransa milango mingi itafungwa mbele ya mtoto wao. Lakini tuwaeleze kwamba mtu anajifunza kusoma mara moja tu katika maisha. Aliyejifunza kusoma katika lugha anayoielewa anachukua ujuzi huo na kuupeleka katika Kifaransa. Aliyefundishwa kutamka maneno ya lugha asiyoisikia hana kitu cha kupeleka. Tena maneno mengi ya Kifaransa yamekwisha kuingia nyumbani mwetu: kalasi, lopitali, mashini. Mwalimu anaweza kuanza na hayo, na mzazi atafurahi kuona kwamba mtoto wake si mgeni kabisa.

Wengine, na hasa wazee wenzetu, wanasema: «Sisi tulikariri kila kitu, na tumefika.» Ni kweli, wamefika. Lakini tuhesabu pia wale walioanza pamoja nao katika kalasi ya kwanza, waliobaki njiani. Hao hawapo kati yetu kwa kusema. Tena kukariri ni zawadi kubwa ya wazee wetu: methali, nasaba, nyimbo, yote yamehifadhiwa kwa moyo. Lakini mzee hakumfundisha mtoto methali bila kumwonyesha jambo lake. Alingoja siku ya jambo, ndipo alipoitoa.

VII. PADRI AKITEMBELEA KALASI

Mseminari aliye katika mwaka wake wa majaribio, au padri wa paroasi, hahitaji kuwa mkaguzi. Mambo haya machache yatamtosha:

1. Amsalimu kwanza mwalimu kwa heshima mbele ya watoto. Mwalimu aliyetahayarishwa mbele ya watoto wake hatamwamini padri tena.

2. Asiridhike na wimbo wa makaribisho. Aombe mtoto mmoja asome ukurasa ambao bado haujasomwa, na amchague pale nyuma.

3. Kitabu kikifungwa, amwombe mtoto yule aeleze kwa Kiswahili, au kwa lugha ya kijiji, aliyoyasoma.

4. Atazame madaftari matatu. Kama yote yana maneno yale yale, bila sentensi moja ya mtoto mwenyewe, amejua kitu.

5. Ahesabu vitabu na mabanko, si kwa kulaumu, bali kwa kujua paroasi inaweza kusaidia nini. Makopo, vijiti na vifuniko Wakristu wanaweza kuvileta siku moja ya Dominika.

6. Aulize ni nani walioacha tangu Septemba, na sababu yake. Kisha aende nyumbani kwao. Kazi hiyo mwalimu wa watoto 60 hana saa ya kuifanya. Padri anayo, au katekista, au mama mmoja wa jumuiya.

7. Akutanishe mwalimu na katekista wa watoto hao. Mara nyingi wanafundisha watoto wale wale, na hawajawahi kuambiana neno juu yao.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi la tarehe 28 Oktoba 1965, ulikumbusha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza, na kwamba shule Katoliki inategemea sana walimu wake. Padri hachukui nafasi ya wazazi wala ya walimu. Lakini anaweza kuwa mtu anayejua njia ya kutoka nyumba hata nyumba, na ya kutoka shule hata kanisani.

Ndugu wapenzi, hao watoto wa miaka 8 ndio watakaosoma Somo la kwanza katika Misa baada ya miaka kumi. Ndio watakaoandika barua za jumuiya, watakaohesabu sadaka, watakaosoma karatasi za shamba kabla ya kuzitia sahihi. Wengine wataingia seminari, na huko tutawaomba wafahamu vitabu vigumu zaidi. Basi tukipita juma hili mbele ya kalasi ya tatu na kusikia watoto wote wakiitikia kwa sauti moja, tusiendelee na safari yetu. Tuingie, tumsalimu mwalimu, na tumwombe mtoto mmoja atueleze.